Je, Wajua? Kinasa Mapigo Chini ya Ngozi, Daktari Akiwa Mbali

Je, wajua kwamba moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kwamba kipimo cha kawaida cha ECG, kile cha kulala kitandani ukabandikwa nyaya kifuani, husoma sekunde 10 hivi tu za kazi yote hiyo? Ukizimia Jumatatu na kupimwa Alhamisi, karatasi inaweza kutoka safi kabisa. Daktari anayekwambia kwamba hakuona tatizo anasema kweli: ndani ya sekunde zile hapakuwa na tatizo. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ambao ugonjwa wao hujificha kila wanapofika hospitali, kilitengenezwa kinasa mapigo cha kuwekwa mwilini. Kinakaa na mgonjwa miaka kadhaa, kikisubiri tukio lijirudie.

Je, wajua kwamba kinasa hicho hakiugusi moyo? Hakuna waya unaopitishwa kwenye mshipa. Kinalazwa chini ya ngozi, upande wa kushoto wa kifua, kwa ganzi ya mahali hapo tu na mkato usiofika sentimita moja. Kazi huchukua dakika chache, na kwa kawaida mgonjwa hurudi kwake siku hiyo hiyo. Reveal LINQ, toleo lililoidhinishwa Marekani mwaka 2014, lina urefu wa njiti ya kiberiti, milimita 45 hivi, na uzito wa gramu 2.4. Toleo lililolitangulia lilikuwa na gramu 15, na lilionekana kama uvimbe kwa mtu mwembamba.

Je, wajua kwamba hakitibu chochote? Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Betri ya moyo hutuma umeme moyo unapozubaa. Kipo pia kifaa cha kuushtua moyo unapokwenda mbio za hatari. Kinasa hakifanyi lolote kati ya hayo. Moyo ukisimama kwa sekunde 10, kitaandika kwamba ulisimama kwa sekunde 10, na basi. Mgonjwa anayekiwekea tumaini la kuokolewa papo hapo amepewa maelezo nusu, na naona ni wajibu wa kliniki kulisema jambo hili kwa lugha iliyo wazi kabla ya kuchukua saini yake.

Je, wajua kwamba kinasa husahau karibu kila kinachokiona? Kinasikiliza usiku na mchana, lakini huandika juu ya maandishi ya zamani. Kinachohifadhiwa ni vipande tu: mapigo yaliyokwenda polepole mno, yaliyokwenda mbio mno, yaliyositasita, au yale ambayo mgonjwa mwenyewe ameyawekea alama. Reveal LINQ ina nafasi ya dakika 59 tu za mchoro wa moyo, na 30 kati ya hizo zimetengwa kwa ajili ya mgonjwa. Mtu akizinduka baada ya kuzimia, hubonyeza kidude alichopewa, au hugusa kitufe kwenye simu yake, na kifaa huhifadhi dakika zilizotangulia. Maana yake ni kwamba unabonyeza baada ya tukio na bado unalipata tukio lenyewe. Ukichelewa mno, limefutika. Kwa hiyo mke, mume au mtoto mkubwa wa nyumba naye afundishwe kubonyeza, maana mwenyewe akiwa chini hana habari.

Je, wajua kwamba kufuatilia moyo kutoka mbali kulianza kabla ya watu wengi duniani kuwahi kuona redio? Mwaka 1905, mjini Leiden, Uholanzi, Willem Einthoven alisoma mapigo ya mtu aliyekuwa hospitalini kilomita 1.5 kutoka maabara yake, ishara zikipita kwenye waya wa simu. Hakufanya hivyo kwa maonyesho. Mashine yake ya kupimia umeme wa moyo ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha, kwa hiyo haikuweza kupelekwa wodini. Einthoven ndiye aliyezipa alama za mchoro wa moyo herufi P, Q, R, S na T, ambazo kila daktari na muuguzi bado anazitumia. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Je, wajua kwamba Norman Holter, mwanasayansi wa Helena, jimbo la Montana, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 na mtambo wa kubeba mgongoni wenye kilo 38? Ulirusha mapigo ya moyo kwa mawimbi ya redio mvaaji akiwa anatembea. Kipimo cha saa 24 kinachovaliwa kiunoni au shingoni siku hizi kinaitwa Holter kwa heshima yake.

Je, wajua kwamba mwaka 1971 madaktari walisoma moyo wa mtu aliyekuwa mwezini? James Irwin wa Apollo 15 alikuwa amechoka vibaya baada ya kazi nzito juu ya mwezi, na huko Houston wakaona mapigo yake yakija mawili mawili kwa namna isiyo ya kawaida. Hakuna aliyeweza kumfikia. Irwin alirudi salama, akaja kupata mshtuko wa moyo miaka michache baadaye, na mwaka 1991 moyo ndio uliomwondoa duniani akiwa na miaka 61. Kuona kutoka mbali ni jambo moja. Kufika ni jingine.

Mwaka huo huo wa 1971, huko New York, Seymour Furman na wenzake walichapisha maelezo ya kliniki iliyokagua betri za moyo kwa simu ya mezani. Mgonjwa aliweka kifaa kwenye mkono wa simu, na mapigo yake yakasafiri kama mlio hadi hospitali.

Je, wajua kwamba kinasa cha kuwekwa mwilini kina asili yake London? Si ile ya Uingereza, ni London ya Ontario, Kanada, ambako madaktari George Klein na Andrew Krahn walikuwa miongoni mwa waliokijaribu kwa wagonjwa miaka ya 1990. Wagonjwa wao walikuwa wale waliokata tamaa: wamezimia mara kadhaa, wamepimwa kila kitu, hawana jibu. Hali hiyo haijaisha. Utafiti wa Ulaya ulioitwa PICTURE, uliochapishwa mwaka 2011, uligundua kwamba kabla ya kuwekewa kinasa mgonjwa alikuwa ameonana na mabingwa watatu kwa wastani, na nusu ya wagonjwa walikuwa wamefanyiwa vipimo 13 au zaidi. Vipimo 13! Hesabu gharama, hesabu siku za kazi zilizopotea, hesabu hofu ya nyumbani kila mgonjwa anapoingia bafuni peke yake.

Je, wajua kwamba wapo watu wanaotibiwa kifafa miaka mingi ilhali ugonjwa wao uko moyoni? Hili ni jambo ninalotaka lisomwe mara mbili. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde 6 hadi 8 tu, mtu hupoteza fahamu. Akikosa damu kwa muda zaidi kidogo, mikono na miguu hurukaruka, macho hugeuka, na kila aliyeko karibu husema ni kifafa. Mjini Manchester, Uingereza, madaktari waliwachunguza upya watu 74 waliokuwa wameambiwa wana kifafa, au ambao dawa za kifafa zilikuwa hazijawasaidia. Matokeo yalitoka mwaka 2000: watu 31 kati yao walikuwa na sababu nyingine, nyingi zikihusu moyo na mzunguko wa damu. Baadhi walijulikana kwa msaada wa kinasa cha chini ya ngozi. Mtu anapopachikwa jina la kifafa hupoteza leseni ya udereva, mara nyingine kazi, mara nyingine posa. Katika jamii zetu huongezewa na mzigo wa pepo na laana, akapelekwa kuombewa au kuaguliwa huku moyo wake ukiendelea kusimama kwa siri. Kifafa kipo, ni ugonjwa wa kweli na una dawa zake. Lakini mtu anayeanguka anastahili kupimwa moyo kabla hajabandikwa jina la kukaa nalo maisha yake yote.

Sasa tuje kwenye safari ya habari yenyewe.

Je, wajua kwamba mara nyingi mgonjwa huwa amelala habari za moyo wake zikisafiri? Kisanduku kidogo huwekwa kando ya kitanda, si zaidi ya mita mbili hivi kutoka alipo. Usiku wa manane kisanduku na kinasa huongea kwa mawimbi ya redio, kisha kisanduku hutuma habari kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza kifaa, na kliniki huzisoma kwa intaneti. Kampuni ya Kijerumani ya Biotronik ndiyo iliyofungua njia hiyo kwenye betri za moyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vinasa vipya hutumia Bluetooth na simu ya mgonjwa mwenyewe.

Na hapo kwenye simu ndipo penye udhaifu. Mtu akizima Bluetooth ili kuokoa chaji, akibadilisha simu bila kuweka programu upya, au bando likiisha, kinasa huendelea kunasa lakini hakuna anayepokea. Kliniki huona kimya. Kimya hicho hakimaanishi moyo mzima. Anayehama, anayesafiri nje ya nchi au aliyebadilisha namba aiarifu kliniki yake kabla, asingoje kutafutwa.

Je, wajua kwamba ufuatiliaji huu si huduma ya dharura? Ishara inayotumwa Ijumaa usiku inaweza kusomwa Jumatatu asubuhi, muuguzi akiwa na orodha ndefu mbele yake. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kushindwa kupumua au aliyepooza upande mmoja hapaswi kukaa akisubiri simu ya daktari kwa kuwa "kifaa kimeshaona". Aende hospitali, wakati huo huo.

Je, wajua kwamba ishara nyingi zinazotumwa ni za uongo? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa waliowekewa kinasa kwa sababu ya kuzimia au kiharusi, zaidi ya nusu ya taarifa zilizotumwa zikionyesha hitilafu ya mapigo hazikuwa na hitilafu hiyo. Kinasa husogea kidogo chini ya ngozi, misuli ya kifua huingilia, pigo dogo huhesabiwa kuwa halipo, na kifaa hupiga kelele kwamba moyo umesimama. Watengenezaji wameanza kutumia akili unde kuchuja kelele hizo, lakini mwisho wa yote lazima awepo binadamu anayetazama mchoro na kuamua. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa mapigo ya moyo, uliotolewa mwaka 2023, unataka angalau watumishi watatu wa muda wote kwa kila wagonjwa 1,000 wanaofuatiliwa hivi. Hospitali inayonunua vifaa bila kuajiri wasomaji imenunua data ambayo haitasomwa.

Je, wajua kwamba kiharusi kisicho na sababu ndicho kilichokipa kinasa umaarufu mkubwa? Vyumba viwili vya juu vya moyo vinaweza kuacha kupiga kwa mpangilio vikaanza kupapatika. Damu hutuama humo, huganda, na bonge likichomoka linaweza kupanda hadi ubongoni. Mwenye mpapatiko huo ana hatari ya kiharusi takriban mara tano ya asiye nao. Tatizo ni kwamba mpapatiko huja na kuondoka, na wengi hawausikii kabisa. Utafiti wa CRYSTAL AF, uliotoka mwaka 2014 ukiwa na wagonjwa 441 waliopata kiharusi bila sababu kujulikana, ulilinganisha kinasa na ufuatiliaji wa kawaida. Baada ya miezi 12 mpapatiko ulionekana kwa asilimia 12.4 ya wenye kinasa na asilimia 2 ya wengine. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30 kwa 3. Ni tofauti kubwa, na kwa aliyekwisha kupata kiharusi ina uzito, kwa sababu dawa ya kuzuia damu kuganda hutolewa pale mpapatiko unapothibitishwa.

Lakini je, wajua kwamba kuona zaidi hakujathibitika kuokoa zaidi? Wadenmaki waliuliza swali gumu: vipi tukiwawekea kinasa wazee ambao hawajapata mpapatiko wowote, wenye umri wa miaka 70 hadi 90, walio na shinikizo la damu, kisukari au hatari nyingine? Waliwashirikisha watu 6,004 katika utafiti ulioitwa LOOP, matokeo yakatoka mwaka 2021. Mpapatiko ulipatikana kwa asilimia 31.8 ya waliowekewa kinasa, na asilimia 12.2 ya wasiowekewa. Waliokuwa na kinasa walianza dawa za kuzuia kuganda kwa damu zaidi ya mara mbili ya wenzao. Halafu wakahesabu viharusi na mabonge yaliyoziba mishipa: asilimia 4.5 upande mmoja, 5.6 upande wa pili, tofauti ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ya bahati tu. Inaelekea mpapatiko wa dakika chache unaonaswa na kifaa kisicholala haufanani kwa hatari na ule unaomfikisha mtu hospitalini. Na dawa hizo zina gharama yake, kwani zinaweza kumtoa mtu damu vibaya. Kwa maoni yangu, huo ni mmoja wa tafiti muhimu zaidi katika habari hii yote. Kinasa kina faida kubwa kwa aliyezimia na kwa aliyepata kiharusi bila sababu. Kukiuza kwa kila mzee mwenye fedha ni jambo lisilo na ushahidi huo.

Je, wajua kwamba dubu nao wamewekewa? Watafiti wa Minnesota, Marekani, akiwemo Paul Iaizzo, waliweka vinasa vya binadamu chini ya ngozi ya dubu weusi wa mwituni, na katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014 wakaweka mitambo ya kupokea ishara kwenye matundu wanamolala majira ya baridi, habari zikasomwa kwa intaneti bila kuwaamsha. Mioyo ya dubu waliolala ilipumzika zaidi ya sekunde 10 kati ya pigo na pigo. Binadamu angezimia. Dubu huamka mwezi Machi au Aprili akaenda kutafuta chakula.

Je, wajua kwamba Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alizimiwa mawasiliano ya kifaa cha moyo wake mwaka 2007? Madaktari wake waliogopa mtu mwenye nia mbaya asije akakiingilia kutoka mbali. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba betri za moyo zipatazo 465,000 nchini humo zinahitaji programu mpya ili kuziba upenyo wa aina hiyo. Kinasa hakitoi umeme, kwa hiyo hatari yake ni ndogo kuliko ya betri ya moyo, lakini habari zake bado ni siri za mtu.

Na siri hizo zina njia zake. Mwaka 2017 hakimu wa Ohio aliruhusu taarifa za kifaa cha moyo cha mshtakiwa zitumike kama ushahidi katika kesi ya kuchoma nyumba, kwa kuwa mapigo yake yalidaiwa kutolingana na maelezo aliyowapa polisi. Anayeweka kinasa ana haki ya kuuliza: habari zangu zinahifadhiwa nchi gani, nani anazisoma, na mimi mwenyewe nitazipata vipi?

Je, wajua pengo letu ni kubwa kiasi gani? Ripoti ya jumuiya ya madaktari wa moyo barani Afrika, PASCAR, iliyochapishwa mwaka 2018, ilikuta kwamba uwekaji wa betri za moyo barani ulikuwa chini ya Ulaya kwa takriban mara 200. Hiyo ni betri, kifaa kinachookoa maisha moja kwa moja. Kinasa, ambacho hupeleleza tu, kiko nyuma zaidi. Vituo vya mabingwa vipo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, lakini mgonjwa wa wilayani huanza safari yake mahali ambapo hata mashine ya ECG inaweza kuwa haipo au haina karatasi. Serikali ikiwa na fungu dogo, ningependa lianzie hapo: ECG inayofanya kazi katika kila hospitali ya wilaya na mtu anayejua kuisoma. Mtandao wa simu wa kupeleka mchoro kwa bingwa tunao tayari. Einthoven alikuwa na waya mmoja tu.

Je, wajua kwamba mwongozo wa Ulaya wa kutibu wanaozimia, wa mwaka 2018, hauanzi na kifaa cha bei kubwa? Unaanza na maelezo ya mgonjwa na ya aliyemwona akianguka, kupimwa mwili, kupimwa shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, na ECG. Unataja pia faida ya video iliyopigwa nyumbani wakati wa tukio.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akizimia mbele yako, mlaze chali na umwinue miguu. Asipopumua, ita msaada na uanze kumkandamiza kifua. Akiwa anapumua, mwombe mwingine achukue video kwa simu, na mwandike saa, alikuwa anafanya nini, alikuwa na rangi gani, na ilichukua muda gani kuzinduka. Mkifika hospitali, ombeni ECG bila kuona haya. Na kama alizimia akiwa anakimbia au amelala, kama moyo ulimwenda mbio kabla ya kuanguka, au kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, msirudi nyumbani kabla hamjapewa rufaa ya kuonana na daktari wa moyo.